Karani wa Mazinde

Basi linalotoka Korogwe kwenda Same hupita Mazinde kwa dakika chache tu. Abiria anaona mkonge upande mmoja, ukuta wa milima ya Usambara upande wa pili, vibanda vya matunda, kisha safari inaendelea. Wengi wakilisikia jina hilo siku hizi huwaza shule ya wasichana ya Mazinde Juu, ambayo iko huko juu mlimani, wilaya ya Lushoto. Mazinde ya bondeni haina sifa ya kumfanya mtu ashuke garini. Hata hivyo, katika nusu ya pili ya karne ya 19 palikuwa na mtawala aliyeogopwa kutoka Pangani hadi Upare, palikuwa na bunduki na pembe za ndovu, na palikuwa na karani kutoka pwani ambaye kazi yake ya kalamu imedumu kuliko himaya ya bwana wake.

Karani huyo aliitwa Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi. Alitoka Unguja, na nisba yake inaonyesha ukoo uliojihesabu kuwa na asili ya Uajemi. Hakuwa Msambaa, hakuwa Mzigua, wala hakuzaliwa katika nyumba ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara tangu karne ya 18. Ila yeye ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho mpaka leo hakuna anayeandika historia ya Korogwe, Lushoto au Muheza akakiruka.

Ugeni wake una uzito, kwa sababu kitabu chenyewe kinaanza na mgeni.

Mbega, anavyosimuliwa humo, alikuwa mtu wa Nguu, nchi ya milima iliyokuwa ndani ya wilaya ya Handeni hadi wilaya ya Kilindi ilipoanzishwa mwaka 2002. Aliota meno ya juu kwanza, yaani alikuwa kigego, na katika desturi za wakati ule mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi. Wazazi wake hawakumtupa. Walipokufa, ndugu wa ukoo wakaona njia ya kumnyima urithi: kigego hana fungu. Mbega akaishika njia ya porini na mbwa wake, akawinda nguruwe mwitu, akagawa nyama kila alikopita. Akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa pale, na kijana yule akafia mawindoni. Nani angeamini kwamba mgeni hana hatia? Mbega na wenzake wakatoroka, wakaiacha nchi ya tambarare, wakapanda milima ya Usambara.

Sehemu ya kuvutia zaidi ni mapatano ya kwanza ya chakula. Wawindaji hawa walikuwa na nyama nyingi na hawana cha kulia nayo. Wenyeji walikuwa na mashamba na wana hamu ya nyama, huku nguruwe wakiwamalizia mazao. Moshi ukaonekana, watu wakaja kutazama, na biashara ikaanza: nyama kwa mazao ya shamba. Kutoka hapo msimulizi anampandisha Mbega ngazi kwa ngazi. Anapata mke Bumbuli, anasuluhisha kesi za watu, sifa zake zinafika Vuga, wazee wa Vuga wanamfuata. Usiku mmoja anaua simba. Asubuhi yake si mwindaji tena. Ni mtawala, na jina la Simba Mwene likabaki kuwa cheo cha waliomfuata.

Mtu anaweza kuisoma hadithi hii kama mlolongo wa matukio akauliza ni mwaka gani, ni kilima kipi. Swali hilo halimfikishi mbali, maana Abdallah hatoi tarehe. Anachotoa ni hoja ya kisiasa iliyovikwa ngozi ya simba: kwamba wenyeji hawakushindwa vitani, walimkaribisha mgeni kwa kuwa aliwalisha na kuwaamulia, na kwa hiyo uzao wake una haki ya kutawala. Bila shaka Wakilindi wenyewe waliipenda hadithi hiyo, na walikuwa wameisimulia barazani muda mrefu kabla ya karani wa Unguja kuketi nao. Kazi yake ilikuwa kuihamisha kutoka kinywani hadi kwenye karatasi bila kuiua.

Na hakuiua. Huo ndio ustadi wake. Nathari ya kitabu hiki imejaa watu wanaosema: mjumbe anafika, anapewa maneno, anayarudia mbele ya mkubwa mwingine, anajibiwa, anarudi na jibu. Ugomvi wa mke na mume unapewa nafasi sawa na vita. Wazee wanashauriana kwa zamu, kila mmoja akianza pale mwenzake alipoishia. Msomaji wa leo aliyezoea vitabu vya historia vya shule anaweza kuchoka na wajumbe wengi kiasi hicho. Hata mimi kuna kurasa ambapo ningemwomba karani afupishe. Ila ndivyo utawala ulivyoendeshwa. Mlimani amri ilitembea kwa miguu, ndani ya kichwa cha mtu, na mjumbe aliyepoteza neno moja aliweza kuleta vita.

Hapa ndipo mtu mwenye kalamu alipopata ajira.

Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkubwa kuliko wote wa ukoo huo, alikuwa na nguvu zilizoshuka hadi pwani. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848 na tena 1852. Mwenzake Erhardt alikaa hapo mwaka 1853. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipanda mwaka 1857 wakamkuta mzee aliyedhoofika. Katika miji ya Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, Kimweri na Sayyid wa Unguja waligawana ushawishi, na majumbe walilazimika kuwaangalia wote wawili. Kwa hiyo barua kati ya mlima na bahari zilikuwa jambo la kawaida, na barua maana yake ni herufi za Kiarabu na lugha ya Kiswahili. Mtu wa pwani aliyejua kuandika alikuwa na thamani Usambara kama fundi wa bunduki.

Kimweri akafa mwaka 1862, na mfumo wake ukakatika. Kiti cha Vuga alikipata mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini mmoja wa wana wa Kimweri, Semboja, alikuwa ameketi Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara inayofuata bonde la mto Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro. Zamani kukaa Mazinde kulikuwa kama kupewa shamba la pembeni. Mlima ndio uliokuwa na mvua, mashamba na heshima ya matambiko. Tambarare ilikuwa ya joto, mbu na Wamasai. Biashara ya pembe na bunduki iligeuza mambo. Aliyeishika njia alipata baruti, nguo na askari, na aliyekaa juu na mvua yake akabaki akitazama vumbi la misafara.

Semboja alilielewa hilo mapema kuliko ndugu zake. Alivaa mavazi ya pwani, alishika Uislamu, alifanya urafiki na wafanyabiashara, na akaweka karani. Abdallah bin Hemedi aliingia katika utumishi wake Mazinde baada ya kifo cha Kimweri, akawa mtu wa karibu: mwandika barua, mshauri, shahidi wa mashauri. Kutoka baraza hilo aliona vita vya jamaa vikianza. Vuga ilivamiwa na kuchomwa moto, Shekulwavu akafukuzwa, na Semboja badala ya kuhamia mlimani akamweka mwanawe Vuga, yeye akarudi kwenye njia ya misafara. Uamuzi huo unaeleza karne nzima: kiti cha wahenga kilimtosha kijana, baba alitaka barabara.

Shekulwavu naye alikuwa na jibu. Aliwachochea Wabondei, watu wa vilima vya chini kuelekea Tanga, wawaasi wakubwa wa Kikilindi waliowekwa juu yao. Mwishoni mwa miaka ya 1860 uasi huo, unaokumbukwa kwa jina la Kiva, uliwafagia Wakilindi kutoka Bonde. Waliuawa, waliuzwa, waliobaki walikimbilia mlimani. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ilikuwa imefanya kazi Vuga enzi za Mbega. Bonde, vizazi kadhaa baadaye, mwenyeji aliamua kwamba amepona vya kutosha.

Kuanzia hapo nchi haikutulia kwa takriban miaka 20. Kila upande ulihitaji bunduki, bunduki zililipwa kwa pembe na watu, na watu walipatikana kwa kuvamia vijiji vya jirani. Mateka waliteremshwa hadi Pangani. Wakulima wa milima hii, kuanzia Bungu na Mpale kwa upande wa Korogwe ya leo hadi Bumbuli na Mlalo, walijenga penye mwinuko na vichaka ili waone mapema nani anapanda. Abdallah anavisimulia vita hivi kwa undani ambao mtu wa mbali asingeupata: nani alimtuma nani, nani alisaliti, silaha zilitoka wapi. Kwa miaka hii yeye hakuwa mkusanyaji wa hadithi za wazee tena. Alikuwa mle ndani.

Na kwa kuwa alikuwa mle ndani, asisomwe kama malaika. Alikula chumvi ya Semboja. Bwana wake anapokosea, karani hutafuta mshauri mbaya wa kubebeshwa lawama. Anaposhinda, ushindi ni wa akili. Biashara ya watumwa inapita katika kurasa kama hali ya hewa, jambo lililokuwapo tu. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi miongoni mwa Wasambaa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ufalme wao mwaka 1974, alimtegemea sana Abdallah na hapohapo akampima kwa maneno ya wazee wa vijijini, ambao babu zao walikuwa upande wa kuvamiwa.

Mwaka 1888 misukosuko ikaja kutoka upande mwingine. Kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kupandisha bendera yake katika miji ya Mrima, Pangani ikalipuka chini ya Bushiri bin Salim. Wasafiri wa Kizungu Hans Meyer na Oscar Baumann walikuwa Usambara wakati huo, wakielekea Kilimanjaro. Wapagazi wao wakatoroka, mizigo yao mingine ikaishia mikononi mwa watu wa Semboja, na wenyewe wakakamatwa na watu wa Bushiri walipokuwa wakirudi pwani. Walikombolewa kwa fedha. Mwaka uliofuata Meyer alirudi kwa njia nyingine na kufika kileleni Kibo, na vitabu vya Ulaya vinakumbuka hilo zaidi kuliko minyororo ya Pangani.

Vita hivyo vilipata mshairi wake. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga, wa ukoo wa kisomi wenye asili ya Uarabuni, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Yeye na Abdallah bin Hemedi walikuwa watu wa zama moja na pwani moja, wote watoto wa mchanganyiko uleule wa asili za ng'ambo na lugha ya Mrima. Mmoja alichagua mizani minane na vina, kama ulivyokuwa utaratibu wa kusimulia vita tangu enzi za tenzi za maghazi ya Mtume. Mwingine akachagua nathari. Ni uchaguzi wa kushangaza kidogo. Mtu aliyesoma Unguja wakati ule, akitaka kuheshimika kwa kalamu, alitunga utenzi. Nathari ilikuwa ya barua, hati za mashamba na wosia. Nadhani karani alifuata kile alichokisikia. Hadithi za Wakilindi zilikuwa za baraza, zenye hoja na majibizano, na kuzitia vina kungezilazimisha kuvaa kanzu isiyo yao.

Utawala wa Kijerumani ulipokaa sawa, Semboja alisalimu amri bila vita vikubwa. Alikufa mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga. Bwana mkubwa wa wilaya kule Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire, ambaye leo anajulikana zaidi kwa maua: alituma Ujerumani mmea mdogo wa zambarau kutoka misitu ya Usambara, na mwaka 1893 wataalamu wakaupa jina lake, Saintpaulia. Unauzwa katika vyungu duniani kote. Abdallah bin Hemedi, kwa upande wake, aliwatumikia watawala wapya kama akida upande wa pwani ya Tanga. Mtu anaweza kumlaumu kwa kubadilisha mabwana. Lakini elimu yake ilikuwa ya kuandikia utawala, na utawala ulikuwa umehama.

Kitabu chake kilichapishwa Magila, karibu na Muheza, kwenye mtambo wa Misheni ya Vyuo Vikuu, Waanglikana waliokuwa wameanza kazi Bonde tangu miaka ya 1860. Sehemu ya kwanza ilitoka 1895, ya pili 1904, ya tatu 1907. Jambo hilo lingetosha kuandikiwa makala yake: Mwislamu, akida wa Wajerumani, akichapishwa na mapadri Waingereza, kwa herufi za Kirumi, akieleza habari za ufalme ambao mapadri walikuwa wakiuhubiria na Wajerumani walikuwa wakiuvunja. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Misheni ilihitaji maandishi mazuri ya Kiswahili ya kuwasomesha wanafunzi wake. Karani alitaka aliyoyaona yasipotee. Kati ya sehemu ya kwanza na ya mwisho reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe, mwaka 1902, na Mombo, mwaka 1905. Njia ya misafara iliyomtajirisha Semboja ilikuwa inageuzwa kuwa chuma.

Kipindi hicho kilikuwa neema kwa nathari ya Kiswahili, ingawa hatukisifu inavyostahili. Maisha ya Tippu Tip, yaliyosimuliwa na mwenyewe, yalichapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli mwaka 1901 na Desturi za Wasuaheli mwaka 1903, kitabu ambacho sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Mtoro naye akawa mhamiaji: alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa huko, na alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani mwaka 1905 wakuu wa koloni hawakuwaruhusu kuteremka pamoja. Alifia Ujerumani. Tofauti yao ni kwamba Mtoro aliwaeleza watu wake kwa wageni, naye Abdallah, mgeni, aliwaeleza wenyeji kwa wenyeji. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa vijana wa shule za misheni, wengi wao Wabondei, wajukuu wa watu wa Kiva.

Abdallah bin Hemedi alifariki mwaka 1912. Kitabu kiliendelea kusomwa hapa na pale, nakala zikichakaa, hadi J. W. T. Allen, Mwingereza aliyetumia maisha yake kukusanya miswada ya Kiswahili, alipokitayarisha upya akishirikiana na William Kimweri, wa uzao wa Kimweri ye Nyumbai. East African Literature Bureau ya Nairobi ikakitoa mwaka 1962, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata 1963. Allen huyohuyo ndiye aliyekuwa ameuhariri utenzi wa Hemedi al-Buhriy, na baadaye akatafsiri pia Desturi za Wasuaheli. Ni vigumu kuitazama fasihi ya Mrima ya zama zile bila kupita mlangoni kwake. Kwa bahati ya kalenda, 1963 ndio mwaka Tanganyika huru ilipofuta mamlaka ya machifu kwa sheria. Wakilindi walipata kitabu chao na kupoteza kiti chao karibu kwa wakati mmoja.

Yapo mengi ambayo msomaji wa Mpale au wa vijiji vya Handeni atayatafuta humo asiyapate. Wakulima wanatokea kama umati: wanalipa kodi, wanalia njaa, wanamshangilia mshindi. Wanawake wana nafasi kubwa kidogo, hasa mama wa watawala na wake waliochochea ugomvi, lakini hatuwaoni shambani. Wazigua, waliopata bunduki mapema kuliko majirani zao wa mlimani, wanaonekana wakati wa vita tu, na undugu wa lugha unaowafunga na Wasambaa na Wabondei, ambao watu wa Tanga wameufupisha kwa neno Boshazi, karani hakuona haja ya kuueleza. Mganga wa mvua anapita, uganga wenyewe hauelezwi. Hayo ndiyo Feierman aliyoyafuata nyumbani kwa wazee kuanzia mwaka 1966, na kwao hadithi ya Mbega ilikuwa na mkazo mwingine: walimsimulia mwindaji kupitia yale aliyokosa, nyumba, shamba na wake, na jinsi kila kimoja kilivyomgeuza mtu wa porini kuwa mtu wa kutegemewa kwa mvua.